Utete Nyuma ya Mlango wa Karakana

Harufu inayonirudisha katika msimu ule si ya mbao. Ni harufu ya mafuta ya ng'ombe yakipata moto kwenye ncha ya chuma. Baba yangu aliyapaka mafuta hayo mahali ambapo pande la mti lilibanwa katikati ya ncha mbili, moja kila upande, ili lizunguke bila kuungua. Na mashine ilipokwenda kwa muda, yalitoa moshi mwembamba, mtamu kidogo, uliopenya uani, ukaingia jikoni na kujificha ndani ya mablanketi yetu. Watu wengi wakisikia harufu ya mafuta ya nyama huona njaa. Mimi kinachonijia kwanza ni shaka. Nimejaribu mara nyingi kuipima shaka hiyo kwa utaratibu niliofundishwa masomoni, nikitenga nililoliona na nililolisikia, na nililolisikia na nililolidhania, na bado sijaweza kuiondoa kwenye ile harufu.

Mashine yenyewe tuliiita kerezo. Ilikuwa na boriti mbili zilizolazwa sambamba juu ya miguu minne, gurudumu zito la mbao lililoongezewa vipande vya chuma ukingoni, ukanda wa ngozi, na kanyagio ambalo baba alilisukuma kwa mguu wa kulia huku mikono yake ikiielekeza patasi. Kichwa cha kushoto kilikuwa kimekazwa palepale. Cha kulia kilisogezwa kulingana na urefu wa kazi. Urefu wote ulitosha mguu wa kiti, na kwa kubana sana mguu wa meza. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha, kwa sababu wakulima wa kahawa wa Mbozi walikuwa wameanza kupenda viti vyenye miguu ya kukereza. Upande wa pili wa karakana kulikuwa na meza ya randa, na huko baba alitengeneza majeneza. Akilini mwangu kazi zake zilikuwa za aina mbili: za mviringo zilikuwa za walio hai, na mbao bapa zilizopigwa misumari zilikuwa za waliokufa. Sidhani kama watu wazima wa kijiji chetu, kilichokuwa kandokando ya barabara ya kwenda Tunduma, waliona tofauti na mimi.

Nchi ilikuwa bado ya Waingereza. Mwaka ule, baada ya mahindi kuingizwa ghalani na ukungu wa kipupwe kuanza kushuka mapema, Bibi mzaa mama aliletwa kwetu kutoka Chitete. Nyonga yake ilikuwa imeharibika. Mganga wa dispensari alimbonyezabonyeza, akamwambia mama kwamba mgonjwa asilale tena chini, kwa maana ubaridi wa udongo ndio uliokuwa ukimmaliza. Baba alikuwepo, amesimama mbali kidogo, ameshika baiskeli iliyombeba Bibi, uso ameuelekeza barabarani. Mama aliitika. Tuliporudi nyumbani alirundika majani makavu, akatandika ngozi mbili juu yake katika kibanda cha nyuma ya jiko, na Bibi akalala hapo, yaani chini vilevile.

Ni lazima nieleze kwa nini baba aliangalia barabarani. Kwa desturi yetu mwanamume na mama wa mkewe hawakutani uso kwa uso. Baba alikohoa kabla ya kukata kona ya jiko, na Bibi aliposikia kikohozi alijifunika kanga akageukia ukuta. Hakuna aliyemtaja mwenzake kwa jina. Baba hakuruhusiwa kukanyaga kizingiti cha kibanda kile, wala kujua, achilia mbali kusema, mahali mama mkwe wake alipolaza ubavu. Mchungaji alihubiri mara kadhaa kwamba katika Kristo woga wa namna hiyo umekwisha. Watu waliitika Amina, wakarudi majumbani wakaendelea kukohoa. Palipokuwa na neno lisiloweza kusubiri, alitumwa mtoto, na mtoto asipokuwepo neno lilielekezwa kwa chombo chochote kilichokuwa karibu. Nilimsikia Bibi kwa masikio yangu akikiuliza chungu kama mwenye nyumba amekwisha kula, na baba, aliyekuwa upande wa pili wa ukuta, akimjibu mwiko kwamba ameshiba.

Wiki ile ile baba alianza kulirefusha kerezo. Alileta boriti mbili za mninga ndefu kuliko alizozizoea, akaziunganisha na zile za zamani kwa bolti, akachonga jozi nyingine ya miguu ya kuzishikilia. Alilisukuma gurudumu pembeni na kuliongezea uzito. Alitengeneza egemeo jipya la patasi, refu mno. Kisha akaunda kitu ambacho hakuna aliyekielewa: mkono wa mti uliosimama katikati ya mashine, wenye kijishimo kilichovikwa ngozi iliyopakwa mafuta. Leo najua kazi yake. Mti mrefu na mwembamba ukizungushwa hupepesuka katikati kama kamba ya kurukia, na mkono ule huutuliza. Wakati ule nilijua tu kwamba mashine ya baba imeota kiungo, na kwamba baba akiulizwa ni cha nini hujibu, "Cha kazi."

Jibu hilo lilikuwa fupi mno kwa kijiji kidogo. Mzee Simfukwe, jirani yetu aliyependa kukaa mlangoni pa karakana akisokota tumbaku, alimwuliza kama twiga ameagiza kiti. Baba akatabasamu na kuendelea kukanyaga. Wengine hawakufanya mzaha. Nondo ya kutengenezea ncha mpya ilinunuliwa Saza kwa mtu wa chuma chakavu, na kwa kuwa Saza palikuwa na mgodi wa dhahabu, ilisemekana kwamba baba, fundi Simwinga, anatoboa miti ili afiche vitu ndani. Ukanda mpya wa ngozi alikwenda kuutafuta ng'ambo ya mpaka, Nakonde, akarudi jua likizama. Ikasemekana kwamba huko ana nyumba. Mama, ambaye majirani walimwita Nanyangwe kwa ukoo wa baba yake, aliyasikia yote hayo kisimani. Hakuyarudia mbele yetu. Lakini nilimwona akiugusa ukanda ule, akaupeleka puani na kuunusa kwa muda mrefu, kana kwamba ngozi ingeweza kumwambia ilikaa katika nyumba ya nani.

Sasa utete. Baba alikuwa na rula ya kukunja, ila kwa maiti hakuitumia. Mtu alipofariki, aliitwa akaenda na utete mbichi, akaulaza kando ya marehemu, akaukata usawa wa kisigino, akarudi nao karakana. Jeneza likikamilika, utete ulivunjwa mara mbili ukawekwa ndani yake, ukazikwa pamoja na mwenyewe. Hakuna utete uliobaki juu ya ardhi, na hakuna mtu aliye hai aliyewahi kulazwa kando ya utete. Sikumbuki kufundishwa jambo hilo. Nilikua nikalikuta, kama nilivyokuta kwamba moto unaunguza.

Mama aliingia karakana kuchukua maranda ya kuwashia moto. Baba alikuwa ameitwa kwenye kikao cha wazee wa kanisa. Nilikuwa nyuma ya mama na kapu. Aliposogeza mlango ili afagie nyuma yake, tuliuona: utete mmoja, umekauka, umekatwa vizuri ncha zote mbili, umesimamishwa kwenye kona. Hapakuwa na msiba kijijini. Mama hakuokota maranda yoyote. Alitoka, akavuka ua, akaingia kibandani kwa Bibi, na kwa kuwa hakunifukuza nilisikia yote. Alimwambia mama yake kwamba ameonekana mzigo katika nyumba hii na kwamba amekwisha kupimwa.

Bibi hakuwa mtu wa kufa kwa habari za kuambiwa. Alisema anataka kuuona. Alishikilia bega langu upande mmoja na fimbo upande wa pili, tukavuka ua polepole, yeye akisimama kila hatua chache kumtukana mganga, nyonga na baridi kwa zamu. Alipofika nyuma ya mlango alijinyoosha kadiri alivyoweza, akaniambia niweke kiganja juu ya kichwa chake. Utete ulimzidi. Ulimzidi sana. Akacheka hadi akalazimika kuegemea ukuta.

"Huu si wangu," alisema. "Mimi nimekwisha kupungua. Wamtafute mwenyewe."

Kisha alimtazama mama, na kicheko kikaisha taratibu. Mama alikuwa na kimo cha Bibi wa zamani. Kila mtu wa Chitete alilisema hilo. Hakuna aliyemwambia asogee. Alisogea mwenyewe, akageuka, akaegemeza kisogo ukutani kando ya utete, akafumba macho. Sikuhitaji kuweka kiganja. Ulimtosha hadi kwenye nywele.

Siku zilizofuata nyumba yetu ilikuwa na adabu ya kutisha. Mama alimpakulia baba chakula na kumnawisha mikono kama kawaida, lakini usiku alihamia chumba nilicholala, akisema nina kikohozi. Sikuwa na kikohozi. Kapu lake kubwa lilitoka darini, na kila nilipolichungulia lilikuwa limeongezeka kitu: kitenge, sufuria ndogo, Biblia yake ya Kinamwanga. Siku ya mnada watu wa Chitete wangepita na punda wao, na Bibi angeweza kupandishwa. Nilielewa kwamba wangeondoka wawili, na kwamba suala la nani angenichukua mimi lilikuwa halijaamuliwa au lilikuwa limeamuliwa bila kuniambia. Mchana kutwa kerezo liliendelea kunguruma. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Kwa miguu ya viti ilikuwa ya haraka na nyembamba, sasa ilikuwa nzito na ndefu, na kila ilipotulia nilijiuliza kama kilichokamilika ni kile kilichosubiriwa. Nilimchunguza baba akila. Nilichunguza kama anamtazama mama, na alipomtazama nilichunguza kama anaanzia kichwani na kuishia miguuni.

Huenda mama angeondoka kweli bila kuuliza. Kumwuliza mume kama amekupima ni kumpa nafasi ya kukataa, na baada ya hapo utaishi na kukataa kwake. Nadhani ndivyo alivyofikiri. Najua ndivyo ningefikiri mimi. Aliyeuliza ni Bibi. Asubuhi moja kabla ya mnada alinishika bega tena, tukaenda moja kwa moja karakana huku mashine ikinguruma, na hakungoja kikohozi cha mtu. Baba aliuona mtandio wake mlangoni, akageuka upesi akaukabili ukuta. Mguu wake ulibaki juu ya kanyagio. Bibi alijifunika kichwa, akaelekeza uso kwenye gurudumu.

"Wewe kerezo," alisema, "nimekuja kukuuliza wewe, kwa sababu wewe huna mama mkwe. Umerefushwa kwa ajili ya nani?"

Gurudumu lilizunguka lenyewe mara kadhaa, likasimama. Baba aliliambia kerezo limjibu anayeuliza kwamba ni kazi ya fito ndefu.

"Kerezo, sikuuliza kazi. Nimeuliza mtu. Nyuma ya mlango huu kuna utete, na mwanangu amesimama kando yake ukamtosha. Kama kuna mwanamke ng'ambo, mwambie mwenye nyumba aseme leo, nimchukue mwanangu akiwa anatembea kwa miguu yake mwenyewe."

Nilikuwa karibu na baba kuliko Bibi alivyokuwa, na niliona shingo yake ikilowa jasho katika baridi ile. Aliposema, alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma maandishi asiyoyaamini.

"Kerezo, mwambie kwamba mganga alisema mgonjwa asilale chini. Mwambie kwamba mtu hawezi kumpima mama mkwe wake, wala kumtajia kitanda, wala kulisema hilo kwa binti yake. Nilitaka kikamilike, mzee wa kanisa akipeleke, kiwe hakina mwenyewe. Na mbao bapa sikuzitaka. Nani atalala juu ya mbao bapa akiwa hai? Nilitaka kila kitu kiwe mviringo." Akaondoa mguu kwenye kanyagio. "Binti hufanana na mama. Ndiyo maana nikampima binti."

Hapo ndipo nilipotazama kilichobanwa ndani ya mashine, ambacho siku zote hizo nilikuwa nimekiogopa bila kukitazama. Ulikuwa ufito mmoja mrefu wa mviringo, laini, wenye kifundo kilichochongwa kila mwisho. Mwenzake ulikuwa umelala juu ya meza ya randa, na chini yake miguu minne, minene, iliyokerezwa vizuri kuliko mguu wowote wa kiti uliowahi kuuzwa Mbozi.

"Kerezo," alisema Bibi, "mbona utete umenizidi?"

"Mwambie siku nilipokuja kuposa ndivyo alivyokuwa."

Bibi alivuta kanga mpaka puani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika, na kwa dakika nzima nilidhani analia.

"Mwambie kumbe aliangalia," alisema.

Ningependa kumaliza hapo, na katika nyumba yetu kisa hiki kilipohadithiwa kilimalizwa hapo, watu wakacheka. Lakini mama alikuwa mlangoni. Alikuwa ametufuata na alikuwa amesikia, na hakucheka. Yeye hakulihitaji kerezo.

"Ulinipima lini, Baba Eliza?" aliuliza, akimwita kwa jina langu.

"Ulikuwa umelala."

"Ungeniamsha."

"Ungeogopa."

"Nimeogopa," alisema mama.

Baba alikwenda nyuma ya mlango akautoa utete, kisha akasimama nao akiwa hajui la kufanya. Kuuvunja kulikuwa na maana moja tu, nayo sote tuliijua. Kuurudisha konani hakukuwezekana tena. Ni Bibi aliyeamua, kupitia kwangu: uchomekwe kwenye paa la kibanda chake, kati ya matete mengine, mpaka asiwepo atakayeweza kuutambua. Nilipandishwa begani kwa mama nikauchomeka mwenyewe. Kapu lilirudi darini. Siku ya mnada watu wa Chitete walipita na punda wao, wakanywa togwa, wakaendelea.

Kitanda kilipelekwa na mzee wa kanisa, kwa maneno kwamba kimeonekana tu, hakina mwenyewe. Baba alikuwa ameongeza kiganja kimoja juu ya urefu wa utete, ili miguu isiguse mti. Bibi alilalamika kwamba ni kirefu mno na kwamba miguu yake hutumia usiku kumtafuta mwenzake, lakini hakulala chini tena, na nyonga yake ilimruhusu kuishi miaka mingi kuliko mganga alivyotarajia. Kerezo halikufupishwa. Sikuona likikereza tena kitu cha urefu ule. Baba alirudi kwenye miguu ya viti, akifanya kazi upande mmoja, na sehemu iliyobaki ikawa mahali pa kuanikia ngozi. Mama alirudi chumbani kwake. Walizaa tena, walilima, walizeeka pamoja bila ugomvi niliowahi kuusikia. Badiliko lilikuwa moja. Kabla ya msimu ule mama alilala chali, amenyooka, kama mtu aliyeangushwa na kazi. Ndiyo maana ilikuwa rahisi kumpima. Baada yake alilala amejikunja, magoti kifuani, kila usiku. Niliposoma, na nilipoanza kutafuta sababu ya kila jambo, niliwahi kumwuliza kama ni mazoea au ni baridi. Alisema ni baridi. Tulikuwa tumeketi juani.

Nimefundishwa tangu wakati ule kwamba ushahidi mmoja unaweza kubeba maelezo mawili, na kwamba kazi ya msomi ni kutafuta kile kinachoyatenga. Katika kisa hiki maelezo yalitengana vizuri: kitanda kilikuwepo, Bibi alikilalia, baba alisema kweli. Sijawahi kumtilia shaka baba tangu asubuhi ile. Ninachokitilia shaka ni kwamba kusema kweli kunatosha.

Mama alifariki mwaka huu, nikiwa katikati ya kuandika tasnifu. Baba alikuwa ametangulia zamani, na kitanda cha Bibi kilikuwa kimekuwa cha mama. Alifia juu yake, amejikunja. Siku hizi Tunduma majeneza hupangwa kando ya barabara, yana vishikio vinavyong'aa, na mtu huchagua kama anavyochagua viatu. Kijana wa duka alikuja na futi ya chuma inayojirudisha ndani ya kasha lake. Wanawake walikuwa bado hawajafanikiwa kumnyoosha mama kwa maji ya moto. Kijana aliivuta futi, akaiacha irudi, akaivuta tena, akaniuliza kwa heshima kama najua kimo cha marehemu, kwa sababu hawezi kupima mtu aliyelala hivyo.

Nilimwambia apime kitanda, kutoka kifundo hadi kifundo, kisha atoe kiganja kimoja. Alinitazama. Alipima, akaweka kiganja chake juu ya ufito, na nikamwambia hapana, kiganja kikubwa zaidi, cha mtu wa patasi. Wanawake walipomaliza, alirudi akampima kwa futi, na kipimo kikawa kilekile. Akauliza nimejuaje. Nilikuwa nikisikia harufu ya mafuta ya ng'ombe, ingawa nje waombolezaji walikuwa hawajachinja.